Kuamia Ndege ni Kazi ya Kijiji Kizima

Upo msimu katika mwaka ambapo daftari la mahudhurio la shule ya kijijini husema jambo ambalo taarifa nyingi za kilimo hazilisemi. Mwalimu huita majina asubuhi, na baadhi ya majina hayaitikiwi. Hakuna ugonjwa uliozuka, wala hakuna msiba. Mtama umeanza kutia maziwa, mpunga umeanza kuinamisha masuke, na watoto wako shambani juu ya dungu tangu kabla ya jua kuchomoza, wakipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo. Wanaamia ndege.

Kazi hiyo ni ya zamani, na lugha yenyewe inashuhudia. Kiswahili hakikutosheka na neno kufukuza. Kina kitenzi mahususi, kuamia, kwa kazi ya kulinda nafaka shambani isiliwe na ndege na wanyama, na kina jina mahususi, dungu, kwa ulingo anaokaa mlinzi huyo. Watu hawaundi maneno ya namna hiyo kwa jambo dogo. Waliyaunda kwa sababu kati ya nafaka kuchanua na nafaka kuingia ghalani kuna majuma machache ambayo jasho la mwaka mzima laweza kupotea kwa siku chache.

Swali linalostahili kujibiwa leo si kama ndege wafukuzwe au wasifukuzwe. Hilo kila mkulima amekwisha kulijibu. Swali ni kwa nini njia za kuwafukuza ndege bila kuwaua, ambazo ndizo zilizo karibu zaidi na mkulima na ndizo zisizomdhuru mtu wala mto, hushindwa mara nyingi. Jibu ni kwamba njia zenyewe si dhaifu. Zinashindwa kwa sababu zimeachiwa kaya moja moja, na ndani ya kaya zimeachiwa mtoto.

ADUI NI NANI?

Ndege waharibifu ni wengi, lakini anayestahili kuitwa adui wa nafaka katika nchi hii ni kweleakwelea. Ni ndege mdogo wa jamii ya akina mnana, wafumaji wa viota, na mdomo wake mwekundu humtambulisha. Uzito wake ni gramu 15 hadi 20 tu. Akiwa peke yake hamtishi mtu yeyote. Nguvu yake ni wingi wake, kwani wataalamu humhesabu kuwa miongoni mwa ndege wa porini walio wengi kuliko wote duniani.

Kweleakwelea mmoja hula karibu gramu 10 za punje kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba huondoa kibaba. Ndege milioni moja, wakila nafaka tupu, wangemaliza tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo 100. Lakini mkulima mdogo hahitaji kungojea ndege milioni moja ndipo aangamie. Shamba ambalo lingetoa magunia matano lina kilo 500 za nafaka. Kundi la ndege 5,000, ambalo kwa kweleakwelea ni kundi dogo, lingeweza kulimaliza kwa siku 10. Hapo hazijahesabiwa punje zinazodondoshwa chini na masuke yanayochanwa na kuachwa.

Hata hivyo, ni haki kumfahamu adui kabla ya kupigana naye. Chakula cha asili cha kweleakwelea si mtama wala mpunga. Ni mbegu za nyasi za porini. Maadamu mbegu hizo zipo kwa wingi, ndege wengi hawana haja na shamba la mtu. Mvua zinapoanza, mbegu za nyasi zilizobaki ardhini huota, chakula chao hutoweka, nao huhama wakifuata maeneo ambako mvua ilitangulia na nyasi mpya zimekwisha kuzaa. Mahali ambapo nafaka ya mkulima imekomaa na nyasi hazitoshi, ndipo hugeukia mashamba. Huzaliana katika vichaka vya migunga na miti mingine yenye miiba, viota maelfu kwa maelfu mahali pamoja. Jike hutaga kwa kawaida mayai matatu, ambayo huanguliwa baada ya siku 10 hivi, na vifaranga katika siku zao za kwanza hulishwa wadudu.

Kila jambo katika maelezo hayo lina maana kwa mkulima. Ndege anayefuata mbegu za nyasi huvutwa na shamba lenye magugu yaliyozaa. Ndege anayependa punje laini hulihujumu shamba katika hatua ya maziwa. Ndege anayekula zaidi asubuhi na alasiri, na kupumzika kivulini wakati wa jua kali, huonyesha saa ambazo mlinzi hapaswi kukosekana. Wala si kila zao liko hatarini kwa kiasi kilekile. Mahindi, kwa kuwa punje zake ni kubwa na zimefunikwa na maganda, huponea. Wanaoumia ni mtama, uwele, ulezi, mpunga na ngano. Kwa bahati mbaya mtama na uwele ndiyo mazao yanayovumilia ukame wa mikoa ya kati. Kumwambia mkulima wa Dodoma au Singida aache mtama alime mahindi ili aepukane na ndege ni kumtoa mdomoni mwa ndege na kumtia mdomoni mwa ukame.

SUMU NA MIPAKA YAKE

Kwa miaka mingi jibu kubwa la serikali za Afrika dhidi ya kweleakwelea limekuwa kuua. Makundi yamelipuliwa kwa baruti, yamechomwa moto, na hasa yamenyunyiziwa sumu kutoka angani. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, limetumia ndege zake dhidi ya nzige, na pia dhidi ya kweleakwelea na viwavijeshi. Msaada huo umeokoa mashamba mengi, na itakuwa ni utovu wa shukrani kuudharau.

Lakini ukweli lazima usemwe. Baada ya miongo mingi ya kuua mamilioni kwa mamilioni, kweleakwelea bado yupo, tena kwa wingi uleule. Ndege anayezaa haraka, anayehama kutoka nchi hadi nchi, na ambaye wengi wa kizazi chake hufa kila mwaka hata pasipo kuguswa na binadamu, hamalizwi kwa kuuawa. Kinachowezekana ni kulinda shamba fulani kwa wakati fulani. Kunyunyizia malalo ya ndege yaliyo karibu na mashamba kunaweza kuwa na faida ya namna hiyo. Lakini kuliangamiza taifa zima la kweleakwelea ni ndoto.

Tena sumu haichagui. Fenthioni, dawa iliyotumiwa zaidi katika kazi hii, hunyunyizwa jioni ndege wanaporejea kulala. Huwaua kweleakwelea, lakini huwaua pia bundi, mwewe na ndege wengine wasio na kosa, ambao baadhi yao ni walinzi wa mkulima dhidi ya panya na wadudu. Watu wanaookota ndege waliokufa kwa sumu na kuwafanya kitoweo hujitia hatarini. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza fenthioni ya kunyunyizwa kwa matone madogo sana, ile kali yenye gramu 640 au zaidi za kiini cha sumu kwa lita, katika orodha ya kemikali ambazo nchi haipaswi kupelekewa bila kuarifiwa na kutoa ridhaa yake kwanza. Hilo si katazo, lakini ni onyo.

Historia nayo imetoa onyo lake. Mwaka 1958 China ilianzisha kampeni ya kuwaangamiza viumbe wanne waharibifu, na shomoro alikuwa mmoja wao, kwa sababu alikula nafaka. Watu walitoka kwa mamilioni wakapiga ngoma na masufuria bila kuwapa ndege nafasi ya kutua, hata wakaanguka kwa uchovu na kufa. Shomoro walipopungua, wadudu waliokuwa wakiliwa nao wakaongezeka mashambani. Mwaka 1960 jina la shomoro lilifutwa katika orodha hiyo, na mahali pake pakaandikwa kunguni. Yafaa ikumbukwe kwamba vyombo vilivyotumika katika kampeni hiyo ni ngoma na masufuria, vilevile vinavyotumika juu ya dungu. Tofauti ni shabaha. Mmoja alitaka ndege afe, mwingine anataka ndege aende akale nyasi zake.

NDEGE HUZOEA

Kufukuza ndege bila kuua ni maarifa, na maarifa hayo yana kanuni. Kanuni ya kwanza ni kwamba ndege huzoea. Sanamu lililovishwa shati kuukuu na kusimamishwa katikati ya shamba huwaogofya ndege kwa siku chache. Baadaye, wanapoona kwamba halitembei wala halirushi jiwe, hulitua kichwani na kulifanya mahali pa kupumzikia. Mizinga ya gesi inayolia yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, inayotumiwa katika mashamba makubwa ya nchi tajiri, hupatwa na mkasa huohuo. Ndege hujifunza kwamba mshindo haumdhuru mtu. Hata viwanja vya ndege duniani, ambavyo vina fedha za kununua kila aina ya chombo cha kelele, vimejifunza kwamba kelele peke yake haitoshi. Hapana budi kuondoa pia chakula na maji yanayowavuta ndege mahali hapo.

Kanuni ya pili hutokana na ya kwanza: vitisho vibadilishwe na vichanganywe. Leo debe, kesho mjeledi. Sanamu lihamishwe kila baada ya siku moja au mbili, na mtu hai atokee palepale liliposimama. Utepe wa kaseti za zamani, ukivutwa kati ya vigingi juu ya masuke, hung'aa juani na kuvuma kwenye upepo. Utepe huo husaidia, lakini kwa muda, na zaidi pale ambapo mlinzi yupo. Kitu kinachodumu kuogopwa na ndege ni binadamu anayetembea, anayepaza sauti na anayerusha. Vyombo vingine vyote ni wasaidizi wake, havichukui nafasi yake.

Kanuni ya tatu ni wakati. Ndege anayepita angani akitafuta mahali pa kutua ni rahisi kumgeuza. Ndege ambaye amekula shambani siku tatu mfululizo amekwisha kulifanya ghala lake. Kwa hiyo ulinzi unaoanza baada ya hasara kuonekana umechelewa. Huanza kabla punje hazijatia maziwa, hata kama kwa siku kadhaa mlinzi atakaa juu ya dungu bila kumwona adui.

Zipo pia njia za kumzuia ndege asifikie punje. Vitalu vya mbegu hufunikwa kwa nyavu. Masuke ya mtama hufungwa kwa vitambaa, mifuko au majani, na wazee wengi wanaijua kazi hiyo. Ni njia nzuri kwa eneo dogo, lakini gharama na kazi yake haviruhusu shamba lote lifanyiwe hivyo.

ULINZI HUANZA KABLA YA MBEGU

Yapo mambo yanayowafukuza ndege ambayo hufanyika miezi mingi kabla ndege hawajaonekana. La kwanza ni uchaguzi wa mbegu. Upo uwele wenye ndevu ndefu katika suke, ambazo humsumbua ndege anapotaka kula. Ipo mitama ya rangi ya hudhurungi yenye tanini, kitu kichungu ambacho huwafanya ndege waipendelee mitama mingine. Serena, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Serere nchini Uganda, ni ya jamii hiyo. Lakini kila jambo lina bei yake. Tanini humkera ndege, na mlaji pia, kwani hupunguza faida ya protini ya nafaka. Kukoboa, au kuloweka katika maji ya majivu, hupunguza kasoro hiyo. Soko nalo hupenda mitama myeupe, kama Macia na Tegemeo, ambayo ndege nao huipenda. Wala tanini si ngome kamili, maana ndege mwenye njaa hula hata kichungu.

La pili ni palizi. Shamba lililojaa magugu yenye mbegu ni hoteli iliyofungua milango. Ndege huja kwa nyasi na kubaki kwa mtama. Mkulima anayepalilia vizuri ameanza kuamia bila kushika kombeo.

La tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni kupanda kwa wakati mmoja. Shamba linalokomaa peke yake kabla ya mengine hupokea ndege wote wa eneo hilo, na shamba linalochelewa huwapokea tena baada ya mengine kuvunwa. Wa kwanza na wa mwisho ndio wanaoumia zaidi. Mashamba ya kijiji kizima yakikomaa pamoja, ndege walewale hujikuta mbele ya nafaka nyingi kwa muda mfupi, na hasara ya kila mmoja hupungua. Siku za kulinda nazo hupungua. Nafaka iliyokauka vya kutosha ivunwe mara moja, kwa sababu kila siku inayobaki shambani pasipo haja ni karamu ya bure.

Hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Mkulima hodari peke yake anaweza kuchagua mbegu na kupalilia. Hawezi kupanda kwa wakati mmoja na jirani kama jirani hakukubali.

HESABU YA MIPAKA

Walimu wa hisabati wanaweza kulionyesha jambo hili ubaoni. Shamba la ekari moja la umbo la mraba lina upande wa mita 64 hivi, na mzunguko wa mita 254. Kaya 36 zenye ekari moja moja zilizotawanyika zina jumla ya mipaka inayozidi kilomita 9 ya kulindwa, na zinahitaji madungu yasiyopungua 36. Kaya hizo zikipanga mashamba yao pamoja, sita kwa sita, mzunguko wa eneo lote ni kilomita moja na nusu tu. Ekari ni zilezile 36, na kila kaya inabaki na ekari yake, lakini mpaka wa nje umepungua mara sita. Ni kweli kwamba ndege huja kwa mabawa na hangojei mlangoni. Hata hivyo, madungu machache yaliyopangwa vizuri katika eneo moja huona eneo lote, na mlinzi mmoja akipiga yowe wengine husikia.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mtu anayeamia peke yake hamfukuzi ndege kijijini. Humfukuza na kumpeleka kwa jirani. Jirani naye humrudisha. Siku nzima kundi lilelile huzunguka kati ya mashamba, likila kidogo hapa na kidogo pale, na mwisho wa siku limeshiba ilhali kijiji kizima kimechoka. Anayebakia na hasara kubwa ni yule asiye na mtu wa kupanda dungu: mjane, mzee asiye na watoto karibu, mgonjwa. Kwa hiyo kuamia kwa ubinafsi huhamisha njaa kutoka nyumba yenye watu wengi hadi nyumba yenye watu wachache. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndege hutoka tu pale ambapo kila anapotua anakuta mtu amesimama.

DUNGU NA DAWATI

Sasa hapana budi kurudi kwenye lile daftari la mahudhurio. Katika mikoa yenye mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nafaka hutia maziwa na kukomaa wakati shule ziko wazi. Saa ambazo ndege hula kwa bidii, kuanzia mapambazuko, ndizo saa ambazo mwanafunzi anapaswa kuwa njiani kwenda shule. Mtoto akikosa majuma matatu au manne kila mwaka, kwa miaka kadhaa, kile anachokosa hakilipiki kwa mavuno. Atakuwa amejifunza kumsoma ndege angani bila kujifunza kusoma kitabu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliyafanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima, na ilikuwa sheria njema. Lakini mtumishi anayeishika sheria hiyo mkononi na kumwendea mzazi shambani akumbuke anamwambia nini. Anamwambia achague kati ya kosa la kisheria na ghala tupu. Mzazi yeyote mwenye akili timamu atachagua kulisha watoto wake. Faini haimfukuzi ndege hata mmoja. Mzazi huyo hakosi kupenda elimu. Amekosa mtu wa kumwachia dungu.

Wako pia wanaojitetea kwa Elimu ya Kujitegemea, wakisema kwamba mtoto anayeamia anajifunza kazi. La hasha. Siasa hiyo, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule na shamba vishikane mikono. Haikutaka shamba limeze shule. Mwanafunzi kujifunza tabia za ndege, kupima eneo na kuhesabu hasara ni elimu. Kukaa juu ya dungu tangu alfajiri hadi jioni, siku ishirini mfululizo, ni kibarua kisicho na mshahara.

Dawa ni zamu. Kwa kuwa ndege hula zaidi asubuhi na alasiri, siku ya ulinzi hugawanyika yenyewe: zamu ya kwanza tangu saa 12 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, na zamu ya pili tangu saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Katikati ya siku watu wachache hutosha kuangalia. Katika eneo la kaya 36 lililotajwa, watu wazima wawili tu kutoka kila kaya ni watu 72. Wakihitajika watu 12 kwa kila zamu, zamu mbili kwa siku, kila mtu atapanda dungu mara moja katika siku tatu. Hiyo si kazi ya kumwua mtu, wala haihitaji mtoto hata mmoja atolewe darasani. Nyumba ya mjane italindwa sawa na nyumba ya mwenyekiti.

Lakini zamu hiyo itawezekana kwa sharti moja, nalo ni kwamba wanaume nao wapande dungu. Katika sehemu nyingi kuamia kumehesabiwa kuwa kazi ya wanawake na watoto, kana kwamba ni kazi nyepesi. Kama kazi hiyo ni nyepesi, mwanamume ataiweza. Kama ni nzito, ni aibu kumwachia mtoto.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Haya yote hayatatokea kwa tamko. Yanahitaji watu wa kuyapanga, na watu hao ndio wanaosomeka katika orodha za mishahara ya umma. Bwana shamba ana wajibu wa kuketi na wakulima kabla ya mvua kuanza, si baada ya ndege kufika, ili wakubaliane aina ya mbegu na juma la kupanda. Serikali ya kijiji ina wajibu wa kuandika zamu na kuisimamia kama inavyosimamia ujenzi wa darasa au josho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ulinzi bila daftari huishia kwa wachache wenye moyo.

Mwalimu ana wajibu ambao hakuna mwingine anayeweza kuutimiza. Daftari lake la mahudhurio ni kipimo cha hasara ya ndege kilicho sahihi kuliko makisio mengi. Akiorodhesha siku ambazo watoto walikosa kwa sababu ya kuamia, na kuipeleka orodha hiyo kwenye mkutano wa kijiji badala ya kuifungia kabatini, kijiji kitaona kwa macho yake gharama ambayo hakikuihesabu. Darasa la sayansi laweza kuchunguza ni lini ndege wa kwanza walionekana na walitua upande gani. Kumbukumbu za miaka mitatu au minne za namna hiyo zitakuwa na thamani kubwa kwa bwana shamba anayetaka kuchagua tarehe ya kupanda.

Ni wajibu wa wote kutoa taarifa mapema. Upo wakati ambapo kombeo halitoshi. Mamilioni ya ndege wakilala karibu na mashamba, hakuna kijiji kitakachowazuia kwa madebe. Januari 2023 wakulima wa mpunga wa Kisumu nchini Kenya walivamiwa na makundi makubwa, na serikali ya nchi hiyo ikalazimika kunyunyiza dawa. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao makuu Arusha ndiyo yenye jukumu la visumbufu vya mimea, na haiwezi kufika mahali ambapo haikuarifiwa. Mazalio ya ndege yakigunduliwa porini vifaranga wangali viotani, wataalamu wana nafasi ya kuamua kama hatua inahitajika na ni hatua gani. Yakigunduliwa baada ya ndege kuingia shambani, kinachobaki ni sumu ya haraka na majuto ya polepole. Kijiji kinacholinda vizuri na kutoa taarifa mapema kitaihitaji sumu mara chache, na kitakapoihitaji itatumika mahali padogo, mbali na maji, watu wakiwa wameonywa wasiokote ndege.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, mwezi Mei 1972 Chama kilitangaza mjini Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Maana ya maneno hayo haijachakaa. Kilimo si jembe na mbegu tu. Ni namna watu wanavyokubaliana kufanya pamoja jambo ambalo mmoja mmoja hawaliwezi. Kweleakwelea amelielewa somo hilo tangu zamani. Ana uzito wa gramu 15 hadi 20 tu, lakini hatoki peke yake. Hulala pamoja, huruka pamoja, hutua pamoja. Itakuwa ajabu kubwa kama ndege atakuwa na umoja kuliko mwenye shamba.

Msimu ujao, nafaka itakapoanza kutia maziwa, mwalimu ataita majina tena asubuhi. Kama kutoka upande wa mashamba itasikika sauti ya watu wazima wakiamia kwa zamu, na kutoka darasani kila jina litaitikiwa, hapo itajulikana kwamba kijiji hicho kimewashinda ndege bila kumwua hata mmoja.